Saa 24 za Luton si saa 24 za Nakuru

Tangu tuutaje mfululizo wa Uingereza uitwao 24 Hours in Police Custody, maswali yenu hayajakatika. Kwa ambaye hajauona: ni vipindi vya matukio ya kweli vilivyoanza kuonyeshwa na Channel 4 mwaka 2014. Kamera ziliingizwa ndani ya kituo cha polisi cha Luton, mji ulio kaskazini mwa London, na mtazamaji anaifuata kesi kuanzia mshukiwa anapopokewa kaunta hadi afunguliwe mashtaka au aende zake. Wengi mmeuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: wenzetu wanawezaje kumaliza kesi kwa siku moja? Hawamalizi. Anayemaliza ni mhariri wa filamu. Hata hivyo yapo mengi humo yanayomfaa mtu wa Nakuru au Kisumu kuyajua, hasa ya zile saa za mwanzo, maana huko ndiko kesi nyingi huharibikia, na mara nyingi mharibifu si polisi wala maabara.

Nilidhani saa 24 zikiisha mtu anaachiliwa, lakini yule jamaa wa kwenye kipindi alikaa ndani karibu siku nne. Huku kwetu mpwa wangu alishikwa Ijumaa jioni akafikishwa kortini Jumatatu, tukaambiwa ni sawa. Nani anahesabu vibaya? — Msomaji, Section 58, Nakuru

Hakuna aliyekosea hesabu. Ni saa mbili tofauti zenye jina moja.

Ile ya Uingereza imo katika sheria ya polisi na ushahidi ya mwaka 1984. Kwa kawaida huanza kuhesabiwa mshukiwa anapofika kituoni, na mwisho wake ni uamuzi: ashtakiwe au aachiliwe. Kosa likiwa zito, afisa wa cheo cha superintendenti anaweza kuisogeza hadi saa 36. Zaidi ya hapo sharti waende kwa hakimu, naye anaweza kuongeza kwa mafungu hadi jumla ya saa 96. Ndizo zile siku nne ulizoziona. Katikati yake inspekta asiyehusika na upelelezi hupitia upya sababu za kumzuilia mtu, mara ya kwanza kabla ya saa 6 kwisha, kisha kila baada ya saa zisizozidi 9. Mshukiwa ana haki ya kupumzika saa 8 mfululizo katika kila saa 24, ndiyo maana wapelelezi wa Luton huonekana wakikimbizana na mahojiano kabla usiku haujaingia. Na akipewa dhamana ya polisi, saa inasimama. Akirudi baada ya wiki kadhaa inaendelea ilipoachia. Hizo wiki filamu huziruka kwa mstari mmoja wa maandishi.

Ya kwetu iko katika Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010. Inaanza mtu anapokamatwa, na mwisho wake ni mbele ya hakimu. Sasa, saa 24 zikiishia nje ya saa za kazi za mahakama, au siku ambayo mahakama haiketi, muda husogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Mpwa wako alishikwa Ijumaa jioni, saa zake zikaishia Jumamosi jioni, kwa hiyo Jumatatu ni halali. Ndiyo asili ya ule mzaha wa kamata kamata ya Ijumaa. Lakini aliyeshikwa Alhamisi saa nne asubuhi hayumo katika hesabu hiyo: Ijumaa saa nne mahakama iko wazi, na akilazwa hadi Jumatatu haki yake imevunjwa.

Kwa hiyo jamaa wa mtu aliyekamatwa wasianze kwa kutafuta pesa. Waanze kwa kuandika: saa ya kukamatwa, mahali, waliokuwepo, gari, na namba ya afisa ikiwa ilionekana. Kisha waende kaunta ya kituo waulize namba ya OB (daftari la matukio la kituo) ya kukamatwa kwake na kosa lililoandikwa. Wakiambiwa hayupo, waende kituo kinachofuata huku wakiandika kila jibu na saa yake, maana karatasi hiyo ndiyo wakili ataitumia akienda Mahakama Kuu kuomba amri ya mtu kuletwa mbele ya jaji, hai au vinginevyo. Haki hiyo haiwezi kupunguzwa na sheria yoyote. Katiba imesema hivyo katika Kifungu cha 25.

Polisi wakitaka siku zaidi, afisa mpelelezi hula kiapo cha maandishi kueleza kilichobaki, tuseme simu hazijasomwa au mashahidi hawajapatikana. Hakimu anaweza kukubali, kupunguza siku au kukataa. Familia ikifika bila wakili, mshukiwa mwenyewe anaruhusiwa kusema kwa nini anapinga. Wengi hunyamaza kwa kudhani ni lazima.

Kijana wa kwenye kipindi aliulizwa maswali zaidi ya hamsini, yote akajibu kwamba hana la kusema, wakili akiwa kando yake. Mtu akifanya hivyo kituo cha polisi cha Kondele si atachapwa? — Fundi wa viatu, Kisumu

Kuchapwa ni kosa la jinai, na kukaa kimya ni haki ya Kikatiba, kwa hiyo wewe ndiye uliye upande wa sheria. Tofauti kubwa ni hii: huko Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1994, mshukiwa huonywa kwamba akinyamazia jambo halafu alitegemee mahakamani, kunyamaza kwake kunaweza kumdhuru. Kwa sababu hiyo mawakili wao huandaa taarifa fupi isomwe mwanzoni, kisha kimya. Wakili mwenyewe analipwa na serikali, yuko zamu usiku na mchana. Kwetu kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, na anayeshtakiwa kwa mauaji katika Mahakama Kuu hupewa wakili akikosa wake, lakini katika kituo cha polisi usiku wa manane kwa kawaida utamtegemea unayempigia wewe.

Kinga yetu kubwa iko kwingine. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A, inasema ungamo halifai kitu mpaka litolewe mahakamani mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi asiye mpelelezi wa kesi hiyo, wa cheo kisichopungua inspekta, na awepo mtu wa tatu uliyemchagua mwenyewe. Ukisema "ni mimi" ndani ya gari la polisi, maneno hayo peke yake hayasimami kortini.

Tatizo ni kwamba watu hawaungami, wanaeleza. Mtu anaitwa "kusaidia katika uchunguzi", anaandikisha kurasa tatu, na siku ya kesi kila tofauti ndogo kati ya kurasa hizo na anayoyasema kizimbani inageuzwa fimbo. Kabla ya neno la kwanza uliza: naandikisha kama shahidi au kama mshukiwa? Jibu likiwa la pili, una haki ya kuzungumza na wakili kwanza. Taarifa ikishaandikwa, isome yote. Neno lililokosewa likatwe kwa mstari mmoja unaoacha lionekane, kisha utie sahihi kando. Tia sahihi chini ya kila ukurasa, na nafasi iliyobaki wazi ipigwe mstari. Asiyejua kusoma asomewe na mtu wake, asiweke tu kidole gumba.

Na kagua saa kuliko kitu kingine chochote. Wewe umesema kwa Kiswahili au Kidholuo kwamba ulimwona saa mbili usiku. Taarifa inaandikwa kwa Kiingereza. Mkono ukiteleza, kwenye karatasi inakuwa saa nane usiku. Saa 6 zimepotea hapo, na mtuhumiwa mwenye tiketi ya basi ya saa tano usiku tayari ameshinda.

Kwenye filamu za Marekani mpelelezi anamdanganya mshukiwa kwamba mwenzake ameshamtaja. Inaruhusiwa? — Mwanafunzi, Mumias

Marekani, kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Mahakama ya Juu ya huko ilikubali mwaka 1969 ungamo lililopatikana baada ya uongo wa aina hiyo hiyo. Miaka ya karibuni majimbo kadhaa, Illinois na Oregon yakitangulia mwaka 2021, yamepiga marufuku kuwadanganya watoto wanaohojiwa. Uingereza mpelelezi akijaribu uongo mkubwa kuhusu ushahidi, jaji anaweza kulitupa ungamo zima, ndiyo maana wa Luton huonekana wapole hivyo. Usichukulie upole wao kuwa tabia tu. Kinasa sauti kipo mezani.

Mulembe sana. Kwenye kipindi majibu ya DNA yalirudi kabla chai haijapoa. Huku kesi ya mtoto wa jirani aliyenajisiwa imekaa miezi, tunaambiwa tungoje DNA. Isipokuja, kesi imekufa? — Mama, Lurambi, Kakamega

Mulembe, Mama. Tuanze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo linalovunja watu moyo. Kesi ya unajisi inasimama bila DNA. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake katika makosa ya ngono, mradi hakimu aamini anasema kweli na aandike sababu za kuamini. Majaji wetu wamerudia mara nyingi kwamba DNA si sharti. Kinachobeba kesi ni maneno ya mtoto, daktari, na cheti cha kuzaliwa kuthibitisha umri. Hicho cheti ndicho familia husahau nyumbani, halafu hukumu inakwama kwenye umri.

Kuhusu kasi: kazi yenyewe ya maabara, kutoa chembechembe, kuzipima, kuzizidisha na kuzisoma kwenye mashine, ni ya siku moja hadi tatu. Kinachokula miezi ni foleni na safari. Mkemia wa Serikali ana makao Nairobi na ofisi Kisumu na Mombasa. DCI, idara ya upelelezi wa jinai, nayo ilifungua maabara yake Kiambu Road mwezi Juni 2022. Uingereza wana hifadhi ya taifa ya DNA tangu 1995, yenye mamilioni ya watu, kwa hiyo tone la damu lisilo na mwenyewe linaweza kupata jina kwa kompyuta. Kwetu sampuli huhitaji mtu wa kulinganishwa naye. Mshukiwa asipotolewa sampuli, matokeo ni safu ya namba tu. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inamruhusu hakimu kuamuru itolewe, kwa hiyo muulizeni kiongozi wa mashtaka kama ombi hilo limeshawasilishwa. Mara nyingine watu hungoja majibu ya sampuli ambayo haijawahi kuchukuliwa.

Sasa nguo. Hapa ndipo nyumbani tunapoharibu. Nguo yenye damu au majimaji ikifungwa kwenye nailoni, unyevu hubaki ndani, ukungu na bakteria hukua, na chembechembe zinaliwa kabla hazijafika Kisumu. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku 2017 lakini ile ya mkate bado ipo kila jikoni, na ndiyo hutumika. Tumieni karatasi: bahasha ya khaki, au hata gazeti safi. Kila vazi na bahasha yake. Likiwa bichi, lianikwe ndani ya nyumba kivulini juu ya karatasi safi, mbali na jua na moshi wa jiko, kisha karatasi hiyo nayo ifungwe pamoja nalo. Mtoto asiogeshwe, asipigwe mswaki ikiwa mdomo ulihusika, na asibadilishwe nguo kabla ya hospitali.

Hospitali ni kabla ya kituo, si baada. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Humezwa siku 28. Kwa aliyevunja ungo, dawa ya kuzuia mimba inafaa hadi saa 120. Hospitali ya Russia (Jaramogi Oginga Odinga) pale Kisumu na ile ya PGH pale Nakuru zina vitengo vya waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Daktari atajaza fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya kubakwa, hapo hapo. P3, fomu ya polisi ya kuandika majeraha, itafuata baada ya OB. Tunasikia watu wakirudishwa wakalete OB kwanza ndipo watibiwe. Kataeni kwa adabu, mwombeni msimamizi wa zamu.

Wazungu wanazungushia ukanda, wanavaa nyeupe mpaka kichwani. Kijijini polisi wanafika baada ya saa tatu na watu mia mbili wameshapita. Tufanye nini kabla? — Mzee wa mtaa, Webuye

Mzee, ile nguo nyeupe ni ya kumzuia mpelelezi asiache nywele zake mwenyewe. Hutaihitaji ukiwazuia watu.

Kama aliyeumia bado anapumua, uhai kwanza. Hakuna ushahidi unaozidi hapo. Nguo zikikatwa ili atibiwe, zikatwe kando ya tundu la kisu au risasi, kamwe si kupitia tundu. Kama amefariki, mtu mmoja tu aingie kuhakikisha, apite njia moja na arudi kwa hiyo hiyo, na akumbuke alichogusa. Halafu kamba. Ya ng'ombe inatosha. Ifungwe mbali kuliko unavyodhani, angalau hatua thelathini, kwa sababu mtu aliyekimbia huacha vitu njiani na si penye maiti. Teua watu wawili wa kusimama, na mmoja mwenye daftari la kuandika walioingia.

Watu watataka kumfunika marehemu kwa leso. Ni heshima, na hatusemi mwili uachwe wazi mbele ya watoto. Lakini leso iliyotoka kitandani mwa mtu ina nywele na nyuzi za nyumba nzima. Afadhali akina mama wanne washike leso wima kama pazia, mbali kidogo. Ikiwa ameshafunikwa, leso isiondolewe irudishwe nyumbani ikafuliwe. Imeshakuwa kielelezo, waachieni polisi.

Kisha kuna alama ya kiatu kwenye udongo mbichi, kitu ambacho mvua ya magharibi huifuta kwa dakika kumi. Kwanza ipigwe picha kutoka juu moja kwa moja, simu ikiwa sambamba na ardhi, na kando yake rula au sarafu ya shilingi 20. Halafu ifunikwe kwa karai lililopinduliwa, kubwa kuliko alama, kingo zisiiguse, na jiwe juu. Majani hapana, yanadondosha maji katikati. Penye mteremko chimba mfereji mdogo upande wa juu, hatua mbili kutoka hapo, maji yapinde. Wapelelezi wakifika wataimwagia plasta ya madaktari wa meno, kama gramu 900 za unga kwa mililita 300 hivi za maji, wakianzia pembeni ili isichimbe udongo, na wataisubiri nusu saa au zaidi kabla ya kuinua. Msijaribu wenyewe kwa simenti. Simenti huchukua muda kushika, na ikiinuliwa inatoka na udongo wote.

Duka langu lina kamera nne. Kijana aliporwa nje, polisi wakaja baada ya wiki mbili, picha hazipo. Mitambo mibovu? — Mfanyabiashara, Bondeni, Nakuru

Mitambo haina kosa, diski ilijaa. Piga hesabu: kamera moja ikirekodi megabiti 2 kwa sekunde, nne ni megabiti 8, yaani megabaiti moja kila sekunde. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo gigabaiti 86 na ushee kwa siku. Diski ya terabaiti moja inajaa kati ya siku ya 11 na ya 12, kisha mashine inaanza kufuta za zamani kimya kimya. Polisi wako walichelewa siku mbili tatu tu. Diski ya terabaiti 2 ingewangoja.

Tukio likitokea, siku hiyo hiyo fungua saa ya mashine na saa ya simu yako, zipige picha zikiwa pamoja, na uandike tofauti. Usiirekebishe kwanza! Saa ikirekebishwa kabla ya kunakili, hakuna tena anayeweza kueleza kwa nini video inasema saa tisa na shahidi anasema saa kumi. Stima ikipotea mara kwa mara na betri ndogo ya ndani ikiwa imekufa, mashine hurudi mwaka 2000 au huko nyuma zaidi. Hilo nalo halina madhara likiandikwa mapema. Baada ya hapo nakili sehemu hiyo kwa flashi mpya, katika mfumo wa mashine yenyewe pamoja na programu yake ya kuchezea. Nakala mbili. Kutuma kwa WhatsApp ni sawa kwa kumwonyesha afisa haraka, lakini hiyo si ya kortini, kwa maana inaminywa na nambari za gari zinageuka ukungu.

Aliyenakili ndiye atakayetia sahihi cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi: jina lake, aina na namba ya mashine, kwamba ilikuwa ikifanya kazi sawasawa, na jinsi alivyonakili. Kama ni fundi, weka namba yake ya simu, maana ndiye atakayeitwa. Kesi nzuri zimepoteza video yao kwa sababu cheti kilitiwa sahihi na mwenye duka ambaye hajui hata kuiwasha mashine.

Jambo moja la mwisho kuhusu kamera za usiku: mwanga wao wa infraredi hurudishwa kwa wingi na vitambaa vingi vya nailoni na poliesta, hivyo jaketi jeusi likaonekana la kijivu au jeupe. Shahidi akisema alivaa nyeusi, usimshurutishe akubaliane na skrini.

Nilienda kuripoti wizi wa ng'ombe, nikaombwa pesa ya mafuta ya gari, na namba ya OB sikupewa. — Mkulima, Busia

Kuripoti ni bure, OB ni bure, fomu ya P3 ni bure. Rudi mchana, omba kumwona OCS, mkuu wa kituo, mwenyewe, mwambie tarehe na saa uliyofika mara ya kwanza. Ikishindikana, simu ya bure ya IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, ni 1559, na ya DCI kwa habari za uhalifu bila kujitambulisha ni 0800 722 203. Na uwe na maelezo ya ng'ombe kwa maandishi: rangi, pembe, alama ya sikio, umri. "Ng'ombe wangu mwekundu" hatampata mtu yeyote mnadani.

Ndugu yetu alikutwa amekufa nyumbani kwake, tunashuku sumu. Mochari wameshampiga dawa. Kwenye filamu daktari alipata sumu kwa urahisi. — Familia, Siaya

Poleni sana. Dawa hiyo ni fomalini. Ikisukumwa kwenye mishipa, damu hutolewa au huchanganyika nayo, baadhi ya sumu hubadilika au kupotea, na DNA huvunjika. Si kwamba hakuna kinachopatikana tena. Mwombeni daktari mpasuaji achukue yaliyomo tumboni, kipande cha ini, na majimaji ya jichoni kama bado yapo, maana sehemu hizo mara nyingine huathirika kidogo kuliko damu, na aandike kwamba mwili ulikuwa umeshawekwa fomalini. Mkemia wa Serikali atahitaji kulijua hilo. Vipande vya kuangaliwa kwa hadubini ndivyo huwekwa kwenye fomalini. Vya sumu havitiwi.

Kwa wengine wanaosoma haya: kifo chochote cha ghafla kisicho na maelezo, mwandikieni msimamizi wa mochari siku ya kwanza, kwa karatasi, kwamba mwili uwekwe kwenye jokofu bila fomalini hadi upasuaji ufanyike, na mbaki na nakala. Huku kwetu mazishi hukaa wiki moja au mbili, kwa hiyo mhudumu hupiga dawa kwa nia njema. Siku ya upasuaji waende jamaa wawili wa kuutambua mwili, afisa mpelelezi awepo, na mkitaka daktari wenu naye anaweza kusimama hapo akiangalia.

Mbona wanaonyesha sura za watu ambao baadaye hawashtakiwi? Na huku picha za washukiwa zinazunguka WhatsApp kabla ya korti. — Mwalimu, Milimani, Kisumu

Mwalimu, la heshima ya mtu umeshalisema, na Katiba iko nawe: hana hatia hadi ithibitishwe. Sisi tutaongeza hasara ambayo wanaosambaza hizo picha hawaijui, kwamba wanamsaidia mwizi.

Shahidi aliyeporwa na mtu asiyemfahamu anatakiwa amtambue katika gwaride la utambuzi. Mshukiwa husimama na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo, umbo na hali ya maisha. Uingereza nako ni wanane, ingawa wao hutumia video. Mpelelezi wa kesi haruhusiwi kuliendesha. Mshukiwa huchagua mwenyewe pa kusimama, anaweza kuhamia kwingine kabla ya kila shahidi kuingia, anaweza kuwa na wakili au rafiki, na pingamizi lake huandikwa. Shahidi huambiwa kwamba aliyemwona huenda yumo au hayumo, kisha anamgusa anayemtambua.

Picha ikishapita kwenye kundi la mtaa, swali la kwanza la wakili wa mshtakiwa ni moja: ulimwona wapi mara ya mwisho kabla ya gwaride? Shahidi mkweli atajibu "kwenye simu", na utambuzi wake unabaki bila uzito. Kama picha imekufikia na wewe ndiye shahidi, mwambie afisa kabla ya gwaride, si baada yake, ili atafute ushahidi mwingine: simu iliyoibwa, alama za vidole, ile kamera ya dukani kabla siku ya 12 haijafika.